Mzee wa Taharuki Anakuja Kisumu: Maswali Mnayouliza Kila Mara Kuhusu Filamu ya De Palma

Tangu tutangaze kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutaonyesha De Palma, simu yangu haijapumzika. Kuna wanaouliza kiingilio, kuna wanaouliza kama watoto wanaruhusiwa, na kuna bwana mmoja wa Manyatta aliyenitumia ujumbe wa sauti wa dakika 4 akinieleza kwa nini wazee wa Marekani hawatuhusu ndewe wala sikio. Basi nimeyaweka maswali yote pamoja. Penye utamu nimekaa, pasipo na neno nimepita.

Kwanza kabisa, De Palma ni mtu au ni filamu?

Vyote viwili. Brian De Palma ni mwelekezi wa filamu wa Marekani, aliyezaliwa Newark, New Jersey, tarehe 11 Septemba 1940, akakulia Philadelphia. De Palma ni filamu ya makala kuhusu kazi yake. Imetengenezwa na waelekezi wawili ambao kwa umri angeweza kuwazaa, Noah Baumbach na Jake Paltrow. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Venice, Italia, Septemba 2015, ikaingia kumbi za sinema za Marekani Juni 2016. Inachukua saa moja na dakika 50 hivi.

Ni ile ya Tom Cruise?

Siyo, lakini hujapotea njia. Mzee huyu ndiye aliyeelekeza Mission: Impossible ya kwanza, ya 1996, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 450 duniani. Ndiye wa Carrie ya 1976, ya The Untouchables ya 1987 na ya Carlito's Way ya 1993. Ndiye pia wa Scarface ya 1983, ile ya Al Pacino ambaye picha yake nimeikuta kwenye ukuta wa kila kinyozi niliyewahi kuingia kati ya Kondele na Nyalenda. Wengi wenu mmekuwa mkimtazama miaka nenda miaka rudi bila kumjua, kama mtu anavyokula chapati za mama fulani kila asubuhi na hajawahi kumuuliza jina.

Nimesikia ni mzee mmoja ameketi anaongea tu. Kweli?

Kweli. Hakuna mwigizaji anayeletwa kumsifu, hakuna profesa wa kueleza umuhimu wake, na hata hao waelekezi wawili huwasikii wakiuliza maswali. Ameketi sebuleni, kamera iko mbele yake, anasimulia filamu zake moja baada ya nyingine tangu za ujana wake, na kila anapotaja kitu unaonyeshwa kipande chenyewe. Basi.

Najua inavyosikika. Mara ya kwanza nilipoiona nilikuwa na chai mkononi, nikadhani nitaimaliza chai kwanza ndipo niamue kama naendelea. Chai ilipoa. Mzee anajua kusimulia. Hajikwezi, hajidhalilishi, na anacheka makosa yake kama anayemsema jirani. Akishangazwa na jambo, kiapo chake ni jina la samaki wa baharini, wa jamii ya vibua, na hulitaja mara nyingi hadi ukumbi unaanza kumngoja. Mtu wa Kisumu ataelewa. Sisi tungeapa kwa mbuta.

Na wale waliomrekodi hawakuwa waandishi wa habari waliopewa nusu saa. Walikuwa marafiki zake wa miaka, watu wa kula naye na kubishana naye kuhusu filamu. Inaonekana kwenye mazungumzo. Hamwelezei mtu asiyejua kamera ni nini. Anaongea na mafundi wenzake, nasi tumesimama dirishani tunasikiliza.

Mnasema "taharuki" kila mahali. Si ni kushtuliwa tu?

La. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu asiyeelewa tofauti hii atatoka ukumbini akisema ameona vipande vya sinema za damu.

Mwalimu wa fasihi shuleni alitufundisha kwamba taharuki ni ile hamu ya kutaka kujua litakalotokea. Ni sawa kwa mtihani, ila haielezi inavyotengenezwa. Chukua soko la Kibuye, siku ya Jumapili watu wamejaa. Kuna mama ananunua omena. Pesa za chama amezifunga kwenye pindo la leso, kiunoni. Kijana anapita, anachomoa, anakimbia, mama anapiga ukemi. Huo ni mshtuko. Sekunde 3, umeisha.

Sasa irudie. Kwanza tunamwona kijana amesimama karibu na muuza mitumba, macho yake yako kwenye lile fundo. Mama hajui. Anabishana na muuzaji kwamba gorogoro haijajaa, ongeza kidogo mama, hii ni ya watoto. Muuzaji anaongeza kiganja kimoja. Kijana amesogea. Mama anainama kuchagua omena zilizovunjika, leso inapanda, fundo linajitokeza. Muuzaji anaanza kusimulia habari za bintiye aliyeolewa Siaya. Sasa wewe mtazamaji unataka kumpigia kelele huyo muuzaji anyamaze. Hakuna kilichotokea bado, na tayari kiti hakikaliki. Tofauti nzima ni kwamba wewe unajua na mama hajui, na mwenye kamera anakataa kuharakisha.

Hiyo ndiyo kazi ya De Palma kwa miaka zaidi ya 50. Katika Carrie kuna ndoo ya damu ya nguruwe imefungwa juu ya jukwaa, na kamba inashuka hadi mikononi mwa waliojificha chini. Msichana aliyedhihakiwa maisha yake yote amesimama chini ya ile ndoo anatabasamu, kwa mara ya kwanza watu wanampigia makofi. Mzee anatupitisha kwenye ile kamba, anarudi usoni kwa msichana, anarudi kwenye kamba, na picha inakwenda polepole. Unajua ndoo itaanguka. Unaomba isianguke. Waigizaji wawili wa filamu hiyo, Sissy Spacek na Piper Laurie, waliteuliwa kuwania Oscar, jambo lisilo la kawaida kwa filamu ya kutisha.

Kwa nini filamu inaanza na kipande cha sinema ya mtu mwingine?

Hicho ni kipande cha Vertigo ya Alfred Hitchcock, mwelekezi mashuhuri wa filamu za taharuki. De Palma aliiona 1958 katika ukumbi wa Radio City Music Hall, New York, akiwa na miaka kama 18, na anaeleza jinsi ilivyomkaa. Vertigo ni habari ya mwanamume anayempoteza mwanamke, kisha anampata mwingine na kumvisha, kumchana nywele, kumgeuza hadi awe yule wa kwanza. Kwa De Palma hiyo ndiyo kazi ya mwelekezi yenyewe: unaumba kitu kutokana na tamaa yako, halafu kinakuponyoka.

Basi si mwizi tu wa Hitchcock? Rafiki yangu aliyesomea filamu anasema hivyo.

Rafiki yako hayuko peke yake. Wahakiki wa Marekani wamemwimbia wimbo huo tangu miaka ya sabini. Mzee mwenyewe hakatai kwamba alichukua. Jibu lake, kwa maneno yangu, ni kwamba Hitchcock aliacha sarufi nzima ya kusimulia kwa picha, na ajabu si kwamba yeye aliitumia bali kwamba wengine wengi hawakuitumia.

Mimi naona hivi. Fundi wa nyatiti hulaumiwi kwa kuwa nyatiti ina nyuzi nane kama ya babu yako. Ila kuna pahali namuunga mkono rafiki yako. Katika Obsession na Body Double unamwona De Palma amevaa koti la mwenyewe bila hata kulipunguza mikono.

Kisa kimoja kitamu: alipokuwa akimaliza filamu yake Sisters mwanzoni mwa miaka ya sabini, alimtafuta Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa Psycho ya Hitchcock. Walipomwonyesha filamu, walikuwa wamebandika kwa muda muziki wake mwenyewe wa zamani, kumwonyesha wanataka nini. Mzee Herrmann akawaka, akataka izimwe mara moja. Hawezi kusikia muziki mpya akipigiwa wa kale masikioni. Mwishowe alikubali, akatunga wa Sisters, kisha wa Obsession, na mwishoni mwa 1975 akafariki.

Alianzaje? Alikuwa mtoto wa matajiri?

Alikuwa mtoto wa daktari. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji wa mifupa huko Philadelphia, na kijana aliruhusiwa kuingia kutazama upasuaji. Ukishajua hilo, damu yote ya filamu zake unaiona kwa jicho jingine. Kwake si uchawi wala laana, ni kitu kinachotoka ukikata.

Alikuwa pia kijana wa sayansi. Wale mliowahi kubeba mradi wa kadibodi hadi mashindano ya sayansi ya wilaya mtampenda hapa: alishinda tuzo ya mashindano ya sayansi ya eneo lao kwa kutengeneza kompyuta ya kutatua milinganyo ya hisabati, miaka ya hamsini hiyo, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Columbia kusoma fizikia. Ni ukumbi wa maigizo na sinema uliomtoa kwenye fizikia.

Kisha kuna jambo analolisimulia bila kupepesa macho. Ndoa ya wazazi wake ilipokuwa inavunjika, alishuku baba yake ana mwanamke, naye akaanza kumfuata na kumpiga picha kwa siri ili apate ushahidi. Mtoto na kamera, amejibanza gizani, anamwinda baba yake. Miaka mingi baadaye, katika Dressed to Kill ya 1980, kuna kijana mpenda vifaa anayeficha kamera nje ya kliniki ili ajue nani anaingia na nani anatoka. Mzee hakulitoa hilo hewani.

Nataka kujifunza ufundi. Niangalie nini?

Vitu vitatu, na cha pili ndicho nitakachokung'ang'ania nacho.

Cha kwanza ni kioo cha sinema kilichogawanywa mara mbili, upande huu jambo moja, upande ule jingine, wakati mmoja. Alikipenda sana, lakini amewahi kukiri kwamba katika vurugu za mwisho za Carrie hakikumsaidia, kwa sababu macho yakigawanyika moyo unatulia. Nenda ukajaribu kutazama ngumi mbili kwa pamoja.

Cha pili ni lenzi ya nusu. Kwa kawaida kamera ikimwona vizuri aliye karibu, aliye mbali anakuwa ukungu. De Palma hubandika mbele ya lenzi kipande cha kioo kinachofunika nusu tu. Upande mmoja unaona cha karibu, upande wa pili unaona cha mbali, vyote wazi kama mchana, na katikati pana mstari hafifu uliofichwa kwenye nguzo au kwenye giza. Katika Blow Out ya 1981 kuna bundi amejaza upande mmoja wa picha, unaweza kuhesabu manyoya, na mbali kule darajani kuna mwanamume mdogo kama kiberiti ameshika maikrofoni. Bundi anasikia, mtu anasikia. Hakuna neno linalosemwa. Nimeisimamisha picha hiyo mara nyingi hadi wenzangu wakanipokonya rimoti.

Na kwa kuwa tumeigusa: Blow Out ndiyo ninayowasukumia wote wanaorekodi sauti mjini humu, wa redio, wa harusi, wa matanga. John Travolta ni fundi wa sauti wa sinema za bei rahisi. Anatoka usiku kutafuta sauti ya upepo, na kwa bahati mbaya kipaza sauti chake kinanasa gari likitumbukia mtoni. Watu wanasema tairi ilipasuka. Yeye anairudisha kanda, anaisikiliza, anairudisha. Kabla ya tairi kuna mlio mwingine. Sehemu nzima ya filamu ni mtu na vifaa vyake, penseli mkononi, anajaribu kuthibitisha kile sikio lake lilisikia. Nani kati yetu hajawahi kusimama Dunga alfajiri akitafuta sauti safi ya maji, akaambulia pikipiki?

Cha tatu ni picha ndefu isiyokatwa, kamera inatembea na mtu dakika baada ya dakika. Mtaiona wenyewe.

Ile ya mtoto kwenye kigari cha kusukuma, ngazini. Ilikuwa imepangwa hivyo?

Hapana, na hili wenye bajeti ndogo walisikilize kwa masikio mawili. Mswada wa The Untouchables ulitaka tukio kubwa la garimoshi la zamani. Pesa hazikutosha. De Palma akabaki na kituo cha Union Station cha Chicago, ngazi, saa ya ukutani, mama na mtoto wake. Akakumbuka filamu ya Kirusi ya Sergei Eisenstein ya 1925, yenye kigari cha mtoto kinachoporomoka ngazini katikati ya risasi, akaanza kujenga papo hapo. Mama anapandisha kigari kidato kwa kidato, magurudumu yanagonga, na mpelelezi juu hajui amsaidie mama au alinde mlango. Garimoshi lingegharimu mamilioni na leo lingekuwa limesahaulika. Sean Connery aliondoka na Oscar kwa filamu hiyo. De Palma mwenyewe hajawahi hata kuteuliwa kuwania tuzo hiyo kama mwelekezi bora.

Watoto wanaruhusiwa?

Hapana. Miaka 18 kwenda juu. Marekani iliwekewa alama ya R kwa sababu vipande vyake vina damu, uchi na matusi. Kitambulisho mlangoni, hata ukiwa na ndevu.

Na tukiwa hapo: mtasikia vita vyake na wenye kutoa alama hizo. Scarface walipoipa X, alama iliyomaanisha kumbi nyingi zingeikataa, aliikata, wakaikataa. Akaikata tena, na tena. Mwishowe akagoma, wakakata rufaa, wakashinda. Halafu akawapelekea watazamaji ile ya kwanza kabisa, kabla ya kukatwa popote, na akakaa kimya miezi kadhaa kabla ya kusema. Sisi wenye KFCB yetu, bodi ya Kenya ya kuainisha filamu, na alama zake tutacheka, lakini tutacheka tukijua tunachocheka.

Filamu zake hazidhalilishi wanawake? Nauliza kwa uzito.

Dada aliyeuliza hili ana haki ya jibu zito. Dressed to Kill ilipotoka, wanawake waliandamana nje ya kumbi. Body Double ya 1984 ina mauaji ya mwanamke kwa mashine ya kutobolea ambayo mimi huyatazama nikiwa nimefumba jicho moja. Katika makala haya mzee anajitetea kwa lugha ya ufundi: mwanamke aliye hatarini anashika macho ya watazamaji, na mashine ile ilibidi iwe ndefu ili ipenye sakafu. Ni majibu ya fundi, na mimi hayanitoshi. Baumbach na Paltrow hawamsukumi. Hapo ndipo urafiki wao unapokuwa hasara.

Lakini kuna Casualties of War ya 1989, kuhusu wanajeshi wa Marekani waliomteka na kumuua msichana wa Vietnam, kisa cha kweli cha 1966. Anapoizungumzia, uso unabadilika. Karibu miaka 20 baadaye akarudi kwenye jambo lilelile, safari hii Iraq, kwa filamu ya Redacted, na Venice ikampa tuzo ya uelekezi ya Simba wa Fedha 2007. Sijui niyaweke wapi hayo mawili kwenye mzani mmoja na ile mashine. Njoo tubishane baada ya filamu. Hilo ndilo swali ninaloliogopa na ninalolingoja.

Aliwahi kuanguka?

Vibaya. The Bonfire of the Vanities ya 1990 ilikuwa na Tom Hanks na Bruce Willis, iligharimu takriban dola milioni 47, ikarudisha kama 15 Marekani. Mzee anasimulia jinsi kila uamuzi ulionekana wa busara siku ulipofanywa: mhusika afanywe apendeke zaidi, hakimu abadilishwe, hiki kilainishwe. Ukijumlisha busara zote hizo unapata balaa.

Blow Out nayo, ambayo leo inahesabiwa kati ya kazi zake bora, haikupata watu ilipotoka. Na kabla ya hapo, mikanda ya tukio la gwaride iliibwa, haikupatikana hadi leo, wakarudi barabarani kulipiga upya kwa pesa za bima, dola 750,000. Anasema pia kwamba mwelekezi hufanya kazi yake bora katika miaka ya thelathini, arobaini na hamsini ya umri wake. Anasema akiwa amekwisha ivuka yote mitatu, na hasikitiki sana.

Kwa nini msiweke mtu wa kutafsiri kwa sauti, kama zile za DJ Afro?

Mimi ni mtoto wa kibanda cha video, sina dharau na kazi hiyo. DJ Afro amewafanya Wakenya wengi wapende sinema kuliko chuo chochote. Lakini zile zinafaa mtu anapopiga teke. Hapa picha nzima ni sauti ya mzee mmoja, ukiweka sauti juu yake umemfukuza mwenye nyumba. Tulijaribu mwaka jana kwa makala mengine, na kijana wetu akawa anatafsiri kikohozi. Safari hii kutakuwa na manukuu ya Kiswahili chini ya picha. Tumeyaandika wenyewe kwa wiki tatu, na neno lililotushinda zaidi ni kile kiapo cha samaki. Mtaona tulichoamua.

Stima ikipotea?

Kuna jenereta. Tuliazima ya kanisa mara ya mwisho ikatuaibisha katikati ya Vertigo, hii ni nyingine.

Shahidi ni mmoja tu. Tutajuaje anasema kweli?

Hutajua. Huwezi kumsikia mwandishi wa mswada wake akimjibu, wala mke wa zamani, wala mwigizaji aliyelia kwenye seti. Mahakamani tungesema upande wa pili haujaitwa. Ila ukiita watu 20, kila mmoja anapata sentensi mbili, na zote ni za kusifu. Nimeona makala mengi ya namna hiyo, yanafanana na hotuba za matanga. Afadhali mzee mmoja saa mbili, mwongo kidogo, nami nikiwa macho.

Nina simu tu. Naweza kutengeneza kitu cha namna hii?

Unaweza, na nitakueleza nilivyoharibu changu.

Mjomba wangu aliendesha kibanda cha video Kondele kuanzia miaka ya tisini. Runinga moja, deki moja, mabenchi sita, pazia la gunia. Baada ya kuona De Palma nilimwendea, nikamketisha kwenye stuli chini ya mwembe, nikaweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia, "Mjomba, anza mwanzo." Alianza. Akaongea saa nzima. Niliporudi nyumbani kusikiliza, kinu cha posho cha jirani kilikuwa kimeongea saa nzima pia, na kilikuwa na sauti nzuri kuliko yake. Fundi wa Blow Out angenikana.

Nikarudi alfajiri, kabla kinu hakijawashwa. Mara hii sikuuliza kitu. Nilikuwa nimejiandalia maswali 30 kwenye daftari, nikalikalia. Ndipo aliponiambia jambo ambalo miaka yote sikulijua. Mimi nilikuwa nadhani deki yake ilikuwa mbovu, kwa sababu kila sinema ilikwama pale shujaa anapoingia nyumba ya adui. Watu wanaguna, Mjomba anaigonga deki kwa kiganja, anatoa kanda, anaipuliza, na wakati huo mkebe unazunguka, shilingi 5 nyingine kila mtu, "ya kurekebisha mashine." Mkebe ukijaa, mashine inapona.

"Haikuwahi kuharibika," aliniambia. "Hata siku moja. Nilikuwa nabonyeza kwa kidole gumba."

Kipande hicho ni cha dakika 6. Tutakionyesha kabla ya De Palma.

Nifike saa ngapi, na kiingilio ni ngapi?

Saa nane na nusu mchana, tunaanza saa tisa. Shilingi 100. Mjomba atakuwa mlangoni na mkebe, na amekwisha kuuliza kitufe cha kusimamisha projekta kiko wapi.